Singo-wingi, wingi-T au wishiboni: timu isiyo na mrushaji ichague mfumo gani?

Shemeji yangu anaishi Des Moines, Iowa. Mwaka huu wamembebesha timu ya futiboli ya Kimarekani ya watoto wa miaka 12 na 13. Hakuomba. Alikuwa akimpeleka mwanawe mazoezini kila jioni na kusimama pembeni na chupa yake ya chai, wenye timu wakaona huyu ndiye mzazi asiyekosa, wakamvika filimbi. Usiku uleule akanipigia simu.

"Shemeji, nina watoto 19, na sina hata mmoja anayeweza kurusha mpira yadi 20 ukamfikia mwenzake. Nichezeshe nini?"

Nikamtajia mifumo mitatu ya zamani inayoishi kwa kukimbia na mpira: singo-wingi, wingi-T na wishiboni. Tukabishana siku tatu kwa ujumbe wa sauti, yeye akiwa kwenye basi na mimi jikoni. Haya ndiyo niliyomwambia, yakiwa yamepangwa kidogo kuliko yalivyotoka mdomoni. Najua wako wazazi wengine wanaoongea Kiswahili huko Columbus, Minneapolis na kwingineko waliovikwa filimbi kwa mtindo huohuo.

Mtu wa soka akisikia "mfumo" anawaza 4-4-2, kitu kinachoyeyuka mara tu mpira ukianza kutembea. Huku mfumo ni picha iliyoganda. Wachezaji 11 wanajipanga, wanatulia, ndipo senta anaupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kanuni inataka watu saba wawe kwenye mstari wa mbele. Wanabaki wanne, na ubishi wote wa zaidi ya miaka 100 ni kuhusu hao wanne wasimame wapi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inahesabiwa upya; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao.

Maneno machache tukubaliane. Kuziba ni kumzuia mpinzani kwa mwili wako ili mwenye mpira apite. Gadi ni wale wawili wanaosimama kushoto na kulia kwa senta. Na fulubeki wa huku si yule namba mbili au tatu wa Simba na Yanga. Ni jamaa mzito anayekaa nyuma ya kwotabeki (yule ambaye kwa kawaida hupokea mpira kwa senta na kuugawa au kuurusha) na kupasua katikati.

Shotigani, ule mfumo unaouona kila Jumapili kwenye televisheni, kwotabeki kasimama peke yake nyuma na wapokeaji wametawanyika uwanja mzima, nimeuacha makusudi. Ni mzuri, ila unakula pasi kama lori linavyokula dizeli. Usiye na mrushaji utazimika njiani.

Katika hiyo mitatu inayobaki, kila mmoja una kazi moja ngumu kuliko zote, na kazi hiyo inamwangukia mtu fulani. Kabla hujapenda mchoro wowote, mtafute mtu huyo katika kikosi chako. Kama hayupo, mchoro ni karatasi tu.

Singo-wingi: mzigo kwa mmoja

Huu ni wa Glenn Warner, maarufu kama Pop, aliyekuwa kocha wa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania. Carlisle ilifunguliwa mwaka 1879 ili watoto wa Wamarekani asilia wavuliwe uasilia wao: nywele zilikatwa, lugha za nyumbani zikakatazwa, nidhamu ilikuwa ya kijeshi. Timu ya mpira iliyotoka humo ilikuwa ya vijana wepesi, ikisafiri kwenda kucheza na vyuo vikubwa vyenye wanaume wa kilo nyingi.

Mchezo wenyewe ulikuwa unageuka. Msimu wa 1905 uliua wachezaji kadhaa, Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo Ikulu, na mwaka 1906 pasi ya mbele ikaruhusiwa. Mwaka 1910 ikakatazwa kumsukuma mwenye mpira kutoka nyuma. Mwaka 1912 majaribio yakaongezwa kutoka matatu hadi manne. Siku za lile rundo la watu kusukumana kama vijana wanaogombea daladala zilikuwa zinakwisha, na nafasi ikaanza kupatikana pembeni.

Warner akaifuata nafasi hiyo. Katika wale wanne wa nyuma alimchukua mmoja akamweka nje kidogo ya mwisho wa mstari. Huyo ndiye bawa, winga. Mstari nao akauegemeza upande huohuo: wanne upande mmoja wa senta, wawili upande wa pili. Kisha, na hili ndilo kubwa, senta haupitishi mpira kwa mtu aliyeinama nyuma yake. Anaurusha moja kwa moja kwa teilibeki, mkimbiaji mkuu, aliyesimama yadi nne au tano nyuma, na yule anayeitwa kwotabeki anageuka kuwa mzibaji, mtu wa kugonga wenzake tu.

Hesabu yake ni tamu. Mwenye mpira ni mmoja, wanaobaki ni kumi, na wote kumi wanaweza kuziba. Mifumo mingine inampoteza kwotabeki: akishakabidhi mpira anabaki mtazamaji mwenye tiketi nzuri. Hapa hakuna mtazamaji.

Teilibeki wa kwanza kutikisa nchi kwa mifumo ya Warner alikuwa Jim Thorpe, wa taifa la Sac na Fox. Mwaka 1912 alirudi kutoka Olimpiki ya Stockholm na dhahabu mbili, ya pentathloni na ya dekathloni, na tarehe 9 Novemba mwaka huohuo Carlisle wakaifunga timu ya Army 27–6 kwenye uwanja wa chuo cha kijeshi cha West Point. Miongoni mwa waliokuwa wakijaribu kumwangusha Thorpe siku ile alikuwamo kijana Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais. Fikiria watoto wa waliopigwa vita na jeshi wanalipiga jeshi nyumbani kwake, kwa mpira. Mimi nikiisoma habari hiyo huwa nasahau kabisa mambo ya mchoro.

Lakini hapo hapo ndipo kwenye mtego. Mfumo ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na Thorpe. Miaka 39 baadaye Princeton walikuwa bado wanaucheza, na teilibeki wao Dick Kazmaier akashinda tuzo ya Heisman ya 1951, ile ya mchezaji bora wa vyuo: alikimbia, alirusha, aliongoza kila kitu. Tena mtu mmoja. Kwenye ligi ya kulipwa Pittsburgh Steelers ndio waliokuwa wa mwisho kuung'ang'ania. Waliuacha mwaka 1952.

Ulirudi kama mzimu tarehe 21 Septemba 2008. Miami Dolphins, waliokuwa wameshinda mchezo mmoja tu kati ya 16 msimu uliotangulia, walikwenda kwa New England Patriots waliokuwa hawajapoteza mechi 21 mfululizo za msimu wa kawaida. Mara chache tu katika mchezo huo mpira ulirushwa moja kwa moja kwa Ronnie Brown, mkimbiaji, bila kupitia kwa kwotabeki. Brown alikimbiza tachidauni nne, yaani aliufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa kufunga mara nne, ya tano akairusha kwa mwenzake, matokeo yakawa 38–13. Waandishi waliuita mchezo huo wa ajabu na mpya. Warner angecheka.

Kwa kocha wa watoto, mzigo wa singo-wingi unawaangukia wawili, na wa kwanza hatajwi na mtu: senta. Lazima auinamie mpira, aangalie kati ya miguu yake, aurushe yadi tano uingie kifuani mwa mtu, halafu anyanyuke akiwa tayari kugongwa. Mpira ukipita juu ya kichwa cha teilibeki mara tatu katika mchezo, umepoteza mchezo. Wa pili ni teilibeki. Kama unaye mtoto mmoja anayewaacha wenzake wote kwa mbio na haogopi kugongwa, singo-wingi utakupa ushindi haraka kuliko mfumo wowote. Akiugua mafua Ijumaa, Jumamosi huna timu.

Wingi-T: mzigo kwa gadi

Mwaka 1940 ndio ulioanza kuuzika singo-wingi. Chicago Bears walicheza T: kwotabeki kaingiza mikono chini ya senta, fulubeki nyuma yake, hafubeki, yaani mkimbiaji mwingine, mmoja kila upande wa fulubeki. Ukiangalia kutoka juu unaona herufi. Tarehe 8 Desemba waliifunga Washington 73–0 kwenye fainali ya ligi ya kulipwa, na baada ya hapo kila kocha alitaka T.

David Nelson alikuwa amecheza singo-wingi chuoni Michigan. Alipokuwa kocha wa Maine, mwaka 1950, alifanya kitu ambacho mpishi yeyote wa Kiswahili angekielewa: hakumwaga mchuzi wa jana. Alichukua kwotabeki wa T na mikono yake ya haraka, akamrudisha winga wa Warner nje ya mstari, akazichanganya. Mwaka 1951 alihamia Delaware, na chuo hicho kidogo kikaukumbatia mfumo huo kwa miaka 50: Nelson hadi 1965, kisha Tubby Raymond kuanzia 1966 hadi 2001, aliyestaafu akiwa na ushindi 300 kamili.

Nilipofika hapa shemeji aliniuliza Delaware ni wapi. Nikamwambia aache Delaware, atazame dirishani. Forest Evashevski, aliyecheza na Nelson kule Michigan, aliuchukua wingi-T akaupeleka Iowa mwaka 1956. Tarehe 1 Januari 1957 Iowa wakaifunga Oregon State 35–19 kwenye Rose Bowl, ile mechi kubwa ya vyuo ya Mwaka Mpya, na tarehe 1 Januari 1959 wakaifunga California 38–12. Jimbo analolipia kodi ya nyumba lilitajirika kwa sifa kupitia mfumo ninaomshauri.

Wingi-T ni mfumo wa familia. Mbinu zake zinazaliwa kwa mafungu, na kila fungu linaanza kwa sura ileile. Chukua fungu lake kuu. Fulubeki anakimbilia katikati kana kwamba ana mpira. Hafubeki anapita nyuma yake kuelekea pembeni. Kwotabeki anampa mmoja wao, kisha anazunguka kwenda upande wa pili akificha mikono nyongani kana kwamba bado anao. Mara ya kwanza mpira anao hafubeki, pembeni. Mara ya pili anao fulubeki, katikati. Mara ya tatu kwotabeki kweli anao, na kuna mwenzake amesimama peke yake anasubiri pasi fupi ya yadi nane, ambayo hata mtoto wa shemeji anaiweza. Mpinzani anaona picha moja mara tatu na kupata majibu matatu.

Anayeiwezesha hadaa hiyo ni gadi. Mbinu ya kwenda pembeni inawataka gadi wote wawili waache nafasi zao, wakimbie sambamba na mstari, wageuke kona mbele ya hafubeki na kumgonga wa kwanza wanayekutana naye. Mbinu ya katikati inamtaka gadi mmoja akimbie hatua tatu na kumziba mtu ambaye wenzake wamemwacha apite makusudi. Mtoto mnene ambaye timu nyingine zinamwambia "simama hapo usukume" anapewa safari. Na anaipenda, ninyi! Mtoto ambaye hajawahi kushika mpira maishani anarudi nyumbani kusimulia alivyomwangusha mtu kwenye kona.

Tatizo ni kwamba mtoto huyo akikimbia akiwa amesimama wima, au akichelewa nusu hatua, anagongana na kwotabeki wake mwenyewe na kila kitu kinaanguka kama kanga zilizokatika kamba. Wiki mbili za kwanza wingi-T unatia aibu. Kila mtu anakwenda upande wake. Utahitaji msaidizi ambaye kazi yake ni gadi tu, na utahitaji uvumilivu wa wazazi, ambao ni haba kuliko vyote.

Wishiboni: mzigo kwa macho ya kwotabeki

Huu ndio mfumo ninaoupenda, na ndio niliomkatalia shemeji. Acha nieleze yote mawili.

Chuo cha Texas, chini ya kocha Darrell Royal, kilikuwa kimepoteza michezo minne katika kila msimu kwa misimu mitatu mfululizo, 1965 hadi 1967. Kwa Texas huo ni msiba. Royal akamkabidhi msaidizi wake Emory Bellard, aliyetoka kufundisha shule za sekondari, kazi ya kubuni safu mpya ya mashambulizi. Bellard alikuwa na wakimbiaji wengi wazuri kuliko nafasi za kuwaweka, kwa hiyo akawaweka wote: fulubeki karibu sana nyuma ya kwotabeki, na hafubeki wawili nyuma zaidi, kushoto na kulia. Ukiangalia kutoka juu unaona Y. Mwandishi wa Houston, Mickey Herskowitz, akasema unafanana na ule mfupa wa kidari cha kuku wenye matawi mawili, jina likaganda. Mimi niliyekulia kwenye miembe nauona ni panda ya manati, na kila nikiuchora nausubiri mpira.

Roho yake ni mpinzani asiyezibwa. Kwotabeki anapokea mpira na kuuweka tumboni mwa fulubeki bila kuuachia, huku macho yake yako kwa mpinzani mmoja wa mbele ambaye wenzake wamemwacha makusudi. Huyo akibaki nje, fulubeki anaachiwa mpira na kupasua. Akimfunga fulubeki, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia pembeni, ambako anakutana na mpinzani wa pili aliyeachwa. Huyo naye akimfuata kwotabeki, mpira unatupwa pembeni kwa hafubeki anayekimbia yadi chache mbali. Akimfuata hafubeki, kwotabeki anabaki nao. Kwa hiyo hakuna kocha anayeamua nani apate mpira. Wapinzani ndio wanaoamua, na kila uamuzi wao ni kosa. Na kwa kuwa wawili hawazibwi, wazibaji wawili wa ziada wako huru kwenda mbele. Timu yenye watu wadogo inajikuta na watu wengi zaidi.

Sasa tazama mzigo ulipoangukia. Maamuzi mawili, kwa mtu mmoja, huku akikimbia, kwa muda wa kupiga chafya. Msimu wa 1968 Texas walianza na Bill Bradley kama kwotabeki, mwanariadha aliyesifiwa jimbo zima. Walitoka sare 20–20 na Houston. Wiki iliyofuata walikuwa wanapigwa na Texas Tech, Royal akamtoa Bradley akamwingiza James Street, kijana mwembamba ambaye mpira wake ukirushwa unayumba. Walipoteza 31–22. Kisha wakashinda michezo 30 mfululizo. Bradley hakuwa mchezaji mbaya hata kidogo. Alihamia upande wa kuzuia na akaja kuwa beki wa sifa kwenye ligi ya kulipwa, Philadelphia. Macho ya kazi hii ndiyo yalikuwa ya Street.

Tarehe 6 Desemba 1969 huko Fayetteville, Rais Nixon akiwa jukwaani, Texas waliingia robo ya nne wakiwa nyuma 14–0 dhidi ya Arkansas. Street akakimbia yadi 42 kwa tachidauni, kisha akaingiza mwenyewe pointi mbili za nyongeza. Baadaye, kwenye jaribio la nne, yadi tatu zikihitajika, uwanja mzima ukisubiri mbio, Royal akaagiza pasi ndefu. Ilimfikia Randy Peschel, yadi 44. Texas wakashinda 15–14. Mfumo wa kukimbia ukaokolewa na pasi, kwa sababu wapinzani walishaacha kuamini kwamba pasi ipo.

Wengine wakaja kuomba darasa. Bear Bryant wa Alabama alijifunza kwa Royal, akaufundisha vijana wake mafichoni, na tarehe 10 Septemba 1971 akaufunua Los Angeles na kuwafunga USC 17–10. Oklahoma, chini ya Barry Switzer aliyekuwa akiongoza mashambulizi, ndio walioufikisha kileleni: msimu wa 1971 walikimbia wastani wa yadi 472.4 kwa mchezo. Ni kama meta 430. Kila wiki.

Na Oklahoma ndio wanaonifanya niseme hapana kwa shemeji. Mwaka 1978 walikwenda Nebraska wakiwa namba moja nchini, na Billy Sims, mshindi wa Heisman wa mwaka huo, kwenye kikosi. Walidondosha mpira mara tisa, sita kati ya hizo ukachukuliwa na wenzao, wakapoteza 17–14. Mpira wa mwisho ulimtoka Sims karibu kabisa na mstari wa kufunga. Hao ni wanaume wazima waliokuwa wakifanya mazoezi kila siku. Kutupa mpira pembeni ukiwa unagongwa ni kitu kinachodondosha mipira, na mtoto wa miaka 12 atakidondosha mara nyingi zaidi.

Mtoto wa wishiboni bado yu hai. Ukiwasogeza hafubeki wawili mbele, kila mmoja nje kidogo ya mwisho wa mstari, unapata fleksiboni, na huo ndio mkate wa vyuo vya kijeshi vya Marekani, ambavyo wachezaji wao ni wanajeshi watarajiwa, wengi wadogo kuliko wanaochukuliwa na vyuo vikubwa. Navy, chuo cha wanamaji, waliitumia kuifunga Army mara 14 mfululizo, 2002 hadi 2015. Army nao, kwa mbio hizohizo zilizofanyiwa ukarabati, walimaliza msimu wa 2024 na ushindi 12 na vipigo viwili. Ligi ya kulipwa haijaugusa kamwe kwa dhati: kwotabeki anagongwa kila mara, na hakuna tajiri anayetaka kuona mamilioni yake ya dola yakigongwa mara 20 kwa mchezo.

Ukiiweka bega kwa bega

Muda ndio kipimo cha kwanza. Singo-wingi unachezeka baada ya wiki moja kama senta anaweza kurusha. Wingi-T unataka wiki tatu au nne kabla haujaanza kufanana na kitu. Wishiboni hauna mwisho. Makocha wake wenyewe huufundisha kila siku ya msimu, na ukiufundisha nusu unapata hasara nzima. Shemeji ana jioni mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila moja, tena Oktoba jua linawahi kuzama.

Kuhusu kudondosha mpira nimeshasema: wishiboni ndio mbaya zaidi. Wingi-T unafuata kwa mbali, kwa sababu kukabidhiana ni kwa mkono kwa mkono. Singo-wingi unadondosha mahali pamoja tu, pale mpira unapotoka kwa senta, ila ukidondoka hapo unadondoka nyuma kabisa na yadi kumi zimekwenda.

Uadimu wa mfumo nao ni silaha, na hapa yote mitatu inafanana. Timu pinzani inakuona mara moja kwa msimu na ina siku chache za kujiandaa, wakati wewe umekuwa ukifanya hicho kitu kimoja tangu Agosti. Wanaouzuia wishiboni lazima kila mmoja apewe mtu wake, huyu fulubeki, huyu kwotabeki, huyu hafubeki, na wasifuate mpira. Kwa wanaozuia wenye miaka 12 kutofuata mpira ni adhabu kubwa kuliko kunyimwa simu. Wingi-T unawaumiza kwa njia nyingine: mtoto anayetazama mpira anadanganywa, anayetazama gadi anajua ukweli, na watoto wote wanatazama mpira.

Ukiwa nyuma kwa pointi 14 na dakika nne zimebaki, hakuna hata mmoja wa hii mitatu utakaokupenda. Wingi-T angalau una ile pasi fupi ya kwotabeki anayezunguka. Huo ni uzito wa kweli kwenye mizani yangu.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya makocha hulipita na wazazi hawalipiti: nani anagusa mpira. Kwenye singo-wingi mtoto mmoja anaugusa karibu kila mara, na mamaye anafurahi peke yake. Wishiboni unawagawia wanne. Wingi-T nao unawagawia wanne, na zaidi ya hapo unawapa gadi kazi yenye jina.

Jambo la mwisho, kanuni. Fleksiboni ya vyuo ilitegemea sana kuwaziba wapinzani chini ya kiuno, na kanuni za vyuo zimekuwa zikiibana mbinu hiyo mwaka hadi mwaka. Tangu 2022 imebaki kwenye eneo dogo la katikati ya mstari. Watoto wasifundishwe kabisa kugonga magoti. Soma kanuni za ligi yako kabla hujachora chochote.

Majaribio mawili ya jioni

Nilimwambia shemeji asichague kwa kupenda, apime. Jioni ya kwanza, achukue watoto watatu, kila mmoja arushe mpira nyuma kati ya miguu mara 20, mwenzake akiwa yadi tano. Akipata anayefikisha kifuani mara 16 au zaidi, na ana mkimbiaji anayewaacha wenzake wote, singo-wingi. Asijiulize mara mbili.

Jioni ya pili, awapange watoto wazito, waondoke kwenye nafasi zao wakimbie kando yadi saba, mgongo umeinama, wakigeuka kona wamgonge mtu aliyeshika gunia. Akipata wawili wasiosimama wima, wingi-T. Asipopata hata mmoja katika hayo yote, acheze T ya kawaida ya Bears wa 1940 bila mapambo, amkabidhi fulubeki mpira katikati na amwombe Mungu.

Jaribio la wishiboni sikumpa.

Alhamisi usiku ujumbe wa sauti ukaingia, upepo unavuma nyuma yake. Senta wake bora alifikisha 11 kati ya 20. Mmoja ulimpiga mzazi wa watu aliyekuwa akisogoa pembeni. Lakini wale ndugu wawili Wakongo, wanene, ambao kocha aliyepita alikuwa akiwaweka benchi, wamekimbia kando na kugeuka kona kama magari ya harusi, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kuachana.

"Shemeji," akasema, "yule wa mbele ameniuliza kama kesho tunaweza kurudia."